Sura ya Saba: Kamati ya Kreta

Likizo ya marafiki katika miji ya pwani ina njia zake za mazoea. Wa Dar es Salaam huvuka pantoni kwenda Kigamboni au hupanda gari la Bagamoyo. Wa Tanga hushuka Pangani. Wenye nafasi zaidi hukata tiketi ya boti kwenda Unguja, wakalala Nungwi au Paje siku mbili tatu. Samaki huchomwa, bahari huogwa, na Jumapili jioni watu hurudi nyumbani wakiwa wamechoka kwa raha. Sura zilizotangulia zimezungumzia likizo hiyo kwa kirefu. Sura hii inawachukua wasafiri walewale, wenye mifuko ileile, na kuwaomba waipe bahari kisogo mara moja, wapande kaskazini hadi Karatu na Ngorongoro.

Ukitoa pendekezo hilo barazani, jibu huja haraka: kule ni kwa Wazungu. Jibu hilo lina sababu zake. Picha za Ngorongoro tunazozijua ni za magari yaliyofunguliwa paa, kofia pana, na kamera zenye bei ya kiwanja. Lakini mlango wenyewe unasema jambo jingine. Kwa miaka ya karibuni kiingilio cha mtu mzima raia wa Afrika Mashariki katika Hifadhi ya Ngorongoro kimekuwa shilingi 10,000, na ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani kinafika 11,800. Mgeni wa kutoka nje hulipa dola 60 kabla ya kodi hiyo. Waliopanga viwango hivyo walikusudia kwamba mwananchi aingie. Kijana anayetumia shilingi 11,800 kwa chakula cha mchana ufukweni ameshalipa kiingilio cha Ngorongoro bila kujua.

Kinachotusimamisha ni gharama zinazouzunguka mlango: nauli, malazi, na zaidi ya yote gari la kushuka kreta, shimo kubwa la volkano lililo ndani ya Ngorongoro. Hizo zote zina dawa moja, nayo Watanzania tunaifahamu kuliko watu wengi. Tunajua kuchanga. Harusi ya mtoto wa jirani huundiwa kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kadi hugawiwa, ahadi huandikwa, watu hufuatiliwa kwa simu mpaka senti ya mwisho iingie, na mamilioni hupatikana mikononi mwa watu ambao mmoja mmoja hawana hata laki mbili za ziada. Ujuzi huo tumeuweka kwenye send-off na harusi pekee. Tukiupeleka kwenye safari, Ngorongoro inafikika.

Hesabu ya gari

Sakafu ya kreta hairuhusu gari la kawaida. Linaloshuka ni lenye nguvu ya magurudumu yote manne, na yanayotumika zaidi ni Land Cruiser zilizorefushwa, ambazo nyingi hubeba abiria saba pamoja na dereva. Gari lina gharama zake ambazo hazijali limebeba watu wangapi: kukodi, mafuta, posho ya dereva, ada ya gari kuingia hifadhini na ada ya kushuka kreta. Dereva atakula chakula kilekile akiwa na abiria mmoja au saba, na mteremko utakunywa mafuta yaleyale.

Tuchukue mfano wa kuhesabia tu. Tuseme gharama zote za gari kwa siku moja zimefika shilingi 700,000. Wawili wakigawana, kila mmoja atatoa 350,000, na hapo wengi watarudi Kigamboni. Wanne watatoa 175,000 kila mmoja. Wakiwa saba, kila mmoja ni 100,000. Kiingilio hakikushuka wala mwenye gari hakuombwa punguzo, na bado kila mtu amebakiwa na 250,000 mfukoni. Kwa hiyo swali la kwanza la safari hii ni idadi ya watu. Bei ya gari inakuja baadaye.

Ndiyo maana nashauri kamati iundwe miezi sita kabla. Watu saba wakiweka akiba ya shilingi 60,000 kila mwezi, ifikapo siku ya kuondoka kila mmoja ana 360,000, na kapu la pamoja lina zaidi ya milioni mbili na nusu. Mweka hazina awe mtu asiyeona haya kudai. Fedha zikae kwenye akaunti au kibubu cha simu kinachoonekana na wote, na matumizi yaandikwe kwenye kundi la WhatsApp siku hiyohiyo. Marafiki wengi hawakorofishani kwa sababu ya ukubwa wa fedha. Hukorofishana kwa sababu hawajui fedha ilikwenda wapi.

Mapema pia amueni mtakwenda lini. Karatu na Ngorongoro hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena karibu na Krismasi. Aprili na Mei, mvua za masika zinapotawala, wageni wa nje hupungua, na nyumba nyingi za wageni hushusha bei na kukubali kuzungumza. Matope yapo, na ukungu wa asubuhi unaweza kuifunika kreta nzima kwa saa kadhaa. Lakini majani ni mabichi, magari ni machache, na dereva ana muda wa kusimama. Kwa msafiri wa mchango, miezi hiyo ni rafiki.

Safari ya kupanda

Kutoka Dar es Salaam hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600 kwa barabara, kupitia Chalinze, Segera, Korogwe, Same na Moshi. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na hilo limewapa wasafiri wa mfuko mdogo zawadi kubwa: unaondoka jioni, unalala kwenye kiti, na umeokoa fedha ya gesti ya usiku mmoja. Kutoka Arusha kuna mabasi madogo na Noah za kwenda Karatu mchana kutwa. Njia inafuata barabara ya Dodoma hadi Makuyuni, inakata kulia, inapita Mto wa Mbu, kisha inapanda ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo juu waombeni abiria wa dirishani wawaachie nafasi kidogo, maana Ziwa Manyara linatandaa chini lote kwa mtazamo mmoja. Lami inakwenda hadi Karatu na kufika lango la hifadhi.

Ipo njia ya pili ambayo wengi hawaifikirii. Treni ya mwendokasi ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, na barabara ya Dodoma kwenda Babati kupitia Kondoa ni ya lami tupu. Anayeshuka Dodoma anaweza kupanda basi la Arusha na kuteremka Makuyuni, palepale kwenye njia panda ya Karatu, bila kufika Arusha mjini. Njiani anapita Kolo, mlango wa michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kundi lenye siku moja ya ziada litapata mambo mawili kwa nauli moja.

Kabla ya kuondoka Dar es Salaam, nawasihi mfanye jambo moja lililo karibu. Nendeni Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Humo limehifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, lililogunduliwa na Mary Leakey Julai 1959 katika bonde la Oldupai, ndani ya eneo la Ngorongoro. Fuvu hilo lina umri wa takriban miaka 1,750,000. Mtu aliyesimama mbele ya fuvu hilo kwanza hufika Ngorongoro akiwa na maswali, na maswali ndiyo mzigo pekee wa safari usiolipiwa.

Mizigo mingine ni ya baridi. Karatu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta unapita mita 2,200. Watu wa pwani hulisikia jambo hilo bila kulisadiki. Mwezi wa Julai usiku wa ukingoni hushuka chini ya nyuzi 10 bila shida. Chukueni sweta nzito, koti, soksi na kofia ya sufu. Mitumba ya Karume au Tandika itawavalisha kwa bei ndogo. Kila mmoja abebe kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiwango cha raia hupewa anayethibitisha uraia. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Ilipigwa marufuku nchini kote tangu Juni 2019.

Karatu si kituo cha kupita

Kosa la bei ghali linalofanywa na makundi mengi ni kulala ndani ya hifadhi. Hoteli za ukingoni zina mandhari yasiyo na mfano na bei zisizo na huruma. Karatu mjini, mwendo mfupi kutoka lango la Lodoare, kuna gesti za kawaida, hosteli za makanisa, na viwanja vya kupigia hema ambapo mwenye hema lake hulipa kidogo. Kuna bajaji, kuna mama lishe, kuna soko. Kundi lenye sufuria mbili na jiko la mkaa linaweza kupika wali na maharage wakati jirani yake anakula chakula cha dola 30.

Lakini Karatu isichukuliwe kama kitanda tu. Ni wilaya yenye uzito wake, iliyokatwa kutoka Mbulu katika miaka ya 1990, na wenyeji wake wengi ni Wairaqw, watu wenye lugha ya Kikushi iliyozungukwa na lugha za Kibantu na za Kinailoti. Wazee wa Kiiraqw wanaweza kukueleza jinsi nyumba za kale zilivyochimbwa ubavuni mwa mlima, paa likawa sawa na ardhi, ili adui aliyefuata mifugo apite juu asijue chini kuna watu. Mashambani utaona ngano, mbaazi, mahindi, na mashamba ya kahawa yanayopakana na msitu wa hifadhi. Tembeeni. Kutembea Karatu hakuna kiingilio.

Msitu huo wa nyanda za juu ndio siri ya wilaya nzima. Ukungu unaonaswa na miti yake hushuka ardhini, ukatoka tena kama mito na chemchemi. Baadhi ya maji hayo hufika Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, bonde kame na la joto ambako wakulima humwagilia vitunguu vinavyouzwa Afrika Mashariki yote. Mpishi wa Ilala au Kariakoo anayekaanga kitunguu cha Mang'ola anapikia maji ya Ngorongoro. Mtu wa pwani anayedhani hifadhi ile haimhusu amekuwa akila matunda yake tangu utotoni.

Kwa siku isiyo na gari, matembezi ya Endoro yanatosha. Njia inaanza pembezoni mwa Karatu, inaingia msituni chini ya ulinzi wa askari wa hifadhi, na kufika kwenye maporomoko ya maji na mapango yaliyochimbwa na tembo. Tembo huja kuchokonoa udongo wenye madini kwa meno yao na kuula, na vizazi kwa vizazi vya kuchokonoa vimeacha mashimo marefu mlimani. Kiingilio na ada ya askari mtalipa, lakini miguu ni yenu.

Siku nyingine shukeni Mto wa Mbu. Tangu mifereji ya umwagiliaji ilipochimbwa miaka ya 1950, watu wa makabila kutoka pembe zote za nchi wamehamia hapo. Vijana wa kijiji huwatembeza wageni mashambani kwa baiskeli, wakipita kwenye mpunga na migomba, pamoja na ile ya ndizi nyekundu. Hapo ndipo mfuko mdogo hununua kingi.

Siku ya kreta

Amkeni saa 10 usiku. Muwe langoni linapofunguliwa saa 12 asubuhi, malipo yakiwa yamekamilishwa jana yake, kwa sababu foleni ya malipo hula saa bora za siku. Baada ya lango barabara hupanda kwa kujipinda msituni, kisha ghafla miti inafunguka kwenye kituo cha kutazamia, na kreta yote iko chini yenu.

Vipimo vyake vinajulikana: upana wa kilomita 20 hivi, kina cha mita 600, sakafu ya kilomita za mraba 260. Zamani palikuwa na mlima wa volkano. Zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita mlima huo ulitema tumbo lake, kilele kikakosa cha kukishikilia, kikaporomoka ndani. Duniani hakuna kreta ya aina hii iliyo kubwa zaidi ambayo kuta zake zimebaki nzima bila kujaa maji. Mwaka 1979 eneo lote la hifadhi, zaidi kidogo ya kilomita za mraba 8,000, liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia.

Magari hushuka kwa njia ya Seneto upande wa magharibi na hupanda kwa njia ya Lerai. Njia ya mashariki hutumika kwa pande zote mbili. Chini, wanyama wakubwa wanakadiriwa kufika 25,000. Nyumbu, pundamilia na nyati hulisha kwa makundi. Fisi hulala barabarani bila haya. Ziwa Magadi hugeuka waridi pale heroe wanapokuwa wengi. Msitu wa Lerai, wenye migunga ya gome la manjano, huwa na tembo dume wazee wenye pembe ndefu. Majike na watoto hupendelea zaidi misitu ya juu. Twiga hamtamwona. Kuta ni kali mno kwake, na sakafu haina miti ya kumlisha vya kutosha.

Mwombeni dereva awatafutie faru, na mkimpata mtulie. Miaka ya 1960 kreta ilikuwa na faru weusi zaidi ya 100. Ujangili ukawapunguza, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki chini ya 20. Waliopo leo wametokana na kazi ya askari wanaolala porini ili faru walale salama. Faru Fausta, jike aliyeonekana humo kwa mara ya kwanza mwaka 1965 akiwa mdogo, alifia Ngorongoro Desemba 2019 akikadiriwa kuwa na miaka 57. Aliishi kipindi chote kile kibaya akakivuka.

Simba nao wana historia yao. Mwaka 1962, baada ya mvua kupita kiasi, nzi wanaouma walizaana kwa wingi wakawashambulia mpaka simba wakabaki wachache sana. Simba wa leo wengi wametokana na masalia hao na madume wachache walioingia kutoka nje, ndiyo maana wanasayansi wamefuatilia kwa miaka mingi tatizo la kuzaana kwa ndugu wa karibu. Ukuta unaofanya kreta ipendeze ndio huo unaowafungia ndani. Jambo kama hili halionekani kwa macho. Mtu hulipata kwa kuongozwa na mwenye kujua. Ulizeni. Madereva wa Karatu na Arusha ni maktaba, na wengi hawajawahi kuulizwa swali kwa Kiswahili na abiria waliowabeba.

Chakula cha mchana fungasheni Karatu: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, maji. Katika chemchemi ya Ngoitokitok, ambapo watu huruhusiwa kushuka karibu na bwawa la viboko, mwewe huzunguka juu wakisubiri. Huteremka kwa kasi na kunyakua kipande mkononi, na kucha zao hukata. Kuleni ndani ya gari, msiwatupie chochote. Jioni, kabla ya saa 12, kila gari lazima liwe limeondoka sakafuni.

Kundi lenye siku ya pili ndani ya hifadhi lifike Oldupai, ambako makumbusho mapya yalifunguliwa mwaka 2017. Humo mtaelezwa pia juu ya Laetoli, ambako mwaka 1978 zilifukuliwa nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka zaidi ya milioni 3.6 iliyopita, juu ya majivu ya volkano yaliyoloana na mvua. Waliziacha wakienda pamoja.

Mahali pasipobanwa senti

Nimetumia kurasa nyingi kuonyesha pa kupunguza. Sasa niseme pasipopunguzwa, kwa sababu likizo nafuu iliyopatikana kwa kumpunja mwingine ni wizi wenye tabasamu.

Dereva aliyeamka saa 9 usiku apewe asante yake, iwekwe kwenye bajeti tangu mchango wa kwanza. Mama lishe alipwe bei aliyotaja. Mhunzi wa Kidatoga wa Eyasi anayeyeyusha vyuma chakavu kwa viriba vya ngozi na kufua bangili mbele ya macho yenu ametaja bei ya kazi, moto na ustadi aliorithi. Mkiona ni ghali, nunueni moja badala ya tatu. Wahadzabe, jamii ndogo ya wawindaji na waokota matunda, watembelewe kwa kupitia utaratibu wa kijiji na mwongozaji wa huko, fedha ifike kwa jamii, na pombe isipelekwe kabisa kama zawadi. Wanakijiji wa boma la Kimasai wasipigwe picha kabla ya kuombwa ruhusa. Tunajua wenyewe jinsi inavyokera kupigwa picha na mgeni asiyesalimia. Tusiwe wageni hao nchini mwetu.

Heshima hiyo inadai pia tujue tunakokanyaga. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1959 kwa makubaliano kwamba wafugaji, wakiwemo walioondolewa Serengeti, wataendelea kuishi humo pamoja na wanyama. Mwaka 1974 wakaondolewa kwenye sakafu ya kreta. Idadi yao, iliyokuwa takriban 8,000 mwanzoni, baadaye iliongezeka mara nyingi. Mwaka 2022 serikali ilianza kuhamisha familia kwenda Msomera, Handeni, ikieleza kwamba wanahama kwa hiari na kwamba hifadhi imeelemewa. Wakazi wengi na watetezi wa haki wamelipinga hilo, wakisema huduma zimepunguzwa ili watu wachoke na kuondoka. Agosti 2024 maelfu waliandamana kando ya barabara hiyohiyo inayopitisha watalii. Mwananchi anayekwenda kutalii hatakiwi kufika na hukumu mkononi. Anatakiwa kufika akijua kwamba nyumba anazoziona ni makazi ya raia wenzake, na kuwasikiliza wenyewe wakisimulia.

Likizo ya mwananchi ina kitu ambacho ya mgeni haina. Mgeni anaondoka na picha. Mwananchi anabaki na sauti: anapiga kura, anazungumza, anafundisha watoto. Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitia saini tamko la Arusha juu ya wanyamapori, tofauti na Azimio la Arusha la 1967, akiahidi kwa niaba ya nchi kwamba wanyama na makazi yao watalindwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Ahadi ile ilitolewa kwa jina letu. Ni vigumu kusimamia ahadi juu ya mahali ambapo hujawahi kufika.

Kiti cha saba

Turudi kwenye hesabu, maana neno la mwisho limo humo. Katika kila kundi la marafiki yupo mmoja ambaye mchango wa 60,000 kwa mwezi hauwezi. Huenda analea wadogo zake, huenda kazi imekatika. Huyo ndiye hujitoa mapema kwa kisingizio cha shughuli, na kundi humwacha ajitoe kwa sababu hakuna anayetaka kumwaibisha.

Katika mfano wetu wa shilingi 700,000, wakilipa sita badala ya saba, kila mmoja anaongeza takriban 16,700. Ndiyo gharama ya kiti cha rafiki huyo kwenye gari. Kiingilio chake, chakula na kitanda vikigawanywa kwa sita, nyongeza kwa kila mmoja bado ni ya kubebeka, na miezi sita ya kujiandaa inaifanya isionekane. Kiti kitakwenda kreta kikiwa na mtu au kitupu. Mafuta yatakayounguzwa ni yaleyale. Kukiacha kitupu kwa ajili ya 16,700 huku rafiki amebaki mjini ni hasara ambayo mweka hazina hawezi kuiandika daftarini.

Basi mkutano wa kwanza wa kamati uwe na ajenda tatu: tarehe, kiwango cha mchango, na jina la anayekalia kiti cha saba. Anzeni na la tatu. Mwambieni mapema, mwambieni kwa faragha, na mpeni kazi ya kufanya katika safari, iwe kupika au kutunza ratiba, ili aende kama mjumbe kamili. Wazazi wetu walichangia hivyo karo za wasio wao na mazishi ya wasiowajua, na nchi ikasimama. Urithi uliowekewa kiingilio cha shilingi 11,800 ili kila raia aufikie haujatumika sawasawa mpaka yule asiye na kitu naye awe amesimama ukingoni akitazama chini pamoja na wenzake.